KIKOHOZI NI MLINZI WA MWILI: TUMSIKILIZE, TUSIMNYAMAZISHE

Mada iliyotolewa na Idara ya Afya na Mifugo mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wageni wetu wafadhili, Tunduma. Tunaichapisha kwa ombi la wajumbe ili isomwe na kujadiliwa katika vigango na jumuiya.



Namshukuru Mungu aliyetujalia pumzi ya kufika siku ya leo. Nasema pumzi kwa makusudi, maana ndiyo mada yangu. Nimepangiwa kuzungumza juu ya kikohozi, jambo ambalo kila mmoja wetu analijua. Tunakisikia kanisani wakati wa mahubiri, tunakisikia usiku zizini, tunakisikia kwenye foleni ya malori hapa mpakani.

Lakini kuna sababu ya kukizungumzia leo. Katika maombi ya bajeti yaliyofika ofisini kutoka parokia zetu, karibu kila kamati imeomba kitu kilekile: katoni za dawa ya maji ya kikohozi kwa ajili ya sanduku la huduma ya kwanza. Vikundi vya wafugaji navyo vimeomba dawa ya sindano ya kukata kikohozi cha ng'ombe. Idara yetu inapendekeza maombi hayo mawili yasipitishwe, na fedha hizo ziende mahali pengine. Najua wengine hawatafurahi. Kwa hiyo nina wajibu wa kueleza, na maelezo yenyewe yanaanzia ndani ya kifua chetu.

1. KIWAMBO NI NINI

Aliyewahi kuchinja mbuzi au ng'ombe anakifahamu kiwambo hata kama hajawahi kukiita kwa jina. Ukishatoa matumbo na ini, unakuta ukuta mwembamba wa nyama, mpana, uliowambwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kama ngozi ya ngoma. Upande wa nyuma yake kuna ini na tumbo, upande wa mbele kuna mapafu na moyo. Huo ndio kiwambo, ambacho vitabu vingine huandika diaframu. Binadamu anacho, ng'ombe anacho, mbwa na paka wanacho. Wanyama wote wanaonyonyesha wanacho.

Wengi tunadhani mapafu yanavuta hewa yenyewe. Sivyo. Mapafu ni kama sponji, hayana msuli wa kujitanua. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo kikisaidiwa na misuli ya mbavu. Kikiwa kimepumzika, kiwambo kimejikunja kwenda juu kama bakuli lililofunikwa. Kikijikaza, kinashuka na kuwa bapa, kifua kinapata nafasi, na hewa inaingia. Katika kupumua kwa utulivu kinashuka sentimita 1 au 2 tu, lakini ukivuta pumzi ndefu sana kinaweza kushuka hadi sentimita 10. Kikiachia, kinarudi juu na hewa inatoka. Mtu mzima aliyepumzika hufanya hivyo mara 12 hadi 20 kwa dakika, usiku na mchana, bila kukumbushwa.

Ukitaka kukihisi, weka mkono juu ya kitovu kidogo, kisha vuta pumzi ndefu. Tumbo linasukumwa nje kwa sababu kiwambo kimeshuka na kulisukuma. Kwikwi nayo ni kiwambo kilichojikaza ghafla bila mpango.

Kuna jambo moja hapa linalowahusu hasa ninyi mnaoishi kando ya Barabara Kuu ya TANZAM. Neva zinazokiamuru kiwambo hazitoki kifuani bali shingoni, kwenye pingili ya tatu hadi ya tano. Ndiyo maana majeruhi wa ajali aliyevunjika shingo akivutwa kwa mikono huku kichwa kinaning'inia, anaweza kuacha kupumua hata kama kifua chake hakina jeraha. Mhudumieni majeruhi wa namna hiyo kwa kushikilia kichwa na shingo visicheze, abebwe akiwa amenyooka juu ya ubao.

2. KIKOHOZI KINAVYOFANYA KAZI

Ndani ya njia ya hewa, kuanzia kooni hadi kwenye matawi makubwa ya mapafu, kuna vihisio vidogo kama walinzi wa getini. Vikiguswa na vumbi, moshi, punje ya ugali iliyokosea njia au makohozi yaliyojikusanya, hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo. Jibu hurudi mara moja, na kikohozi hupita katika hatua nne.

Kwanza, kiwambo kinashuka na kuvuta hewa nyingi ndani. Pili, kilango kilichopo kwenye zoloto, pale sauti inapotokea, kinafungwa. Tatu, misuli ya tumbo na mbavu inakaza kwa nguvu, inasukuma kiwambo kwenda juu, na shinikizo la hewa ndani ya kifua linapanda sana. Nne, kilango kinafunguka ghafla na hewa inatoka kwa kishindo, ikibeba kile kilichokuwa kinasumbua. Yote hayo yanakwisha katika muda mfupi kuliko wa kutamka neno "amina".

Hivyo kikohozi si ugonjwa. Ni kazi ya ulinzi na usafi. Mgonjwa asiyeweza kukohoa vizuri, kama mzee aliyepooza au mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo, yuko katika hatari ya homa ya mapafu kwa sababu uchafu unabaki ndani. Wauguzi humwambia aliyepasuliwa akumbatie mto juu ya mshono akohoe, wala si ukatili.

Pamoja na kikohozi kuna wasaidizi wengine. Njia ya hewa imefunikwa na ute na vinyweleo vidogo sana vinavyopepea kuelekea juu, vikisukuma vumbi litoke. Moshi wa sigara na wa kuni hudhoofisha vinyweleo hivyo. Kwa mama anayepika kwenye jiko lisilo na dirisha kule Ileje au Mbozi wakati wa baridi, kikohozi kinabaki kufanya kazi ya wawili.

Kikohozi nacho kina mipaka. Vumbi laini sana la mawe hushuka chini kuliko walinzi wote hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na hapo halitolewi tena. Hilo ni tatizo la vijana wanaosaga mawe ya dhahabu kwenye makarasha bila kumwagia maji, huko Saza na Mkwajuni. Vumbi hilo hukakamaza mapafu, na aliyeharibika mapafu kwa njia hiyo hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

3. KWA NINI TUNAPINGA KATONI ZA DAWA YA KIKOHOZI

Dawa nyingi zinazoitwa za kukata kikohozi hufanya kazi kwenye ubongo: zinamwambia mlinzi anyamaze. Mwizi anabaki ndani ya nyumba. Kwa mafua ya kawaida hasara ni ndogo, maana mafua huisha yenyewe. Lakini kwa mwenye kifua kikuu, chupa ya kwanza inampa nafuu ya siku chache, anasema amepona, ananunua ya pili, na mwezi unapita. Katika mwezi huo anaishi na mke, watoto na wapangaji wenzake.

Kwa watoto wadogo dawa hizo hazina faida inayoonekana, na madhara yake yanaweza kuwa makubwa. Tukumbuke pia yaliyotokea Gambia mwaka 2022, ambapo zaidi ya watoto 60 walifariki kwa kuharibika figo na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokuwa na sumu ndani yake. Chupa tusizojua asili yake zisigawiwe kwa jina la kanisa.

Mtoto mwenye kikohozi cha mafua apewe maji ya uvuguvugu na aendelee kunyonya au kula. Aliyezidi mwaka mmoja anaweza kulambishwa asali. Chini ya mwaka mmoja asali ni hatari, asipewe.

4. KIKOHOZI CHA WIKI MBILI

Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 katika sensa ya mwaka 2022. Tunduma ndiyo lango. Barabara ya kwenda Zambia na Kongo inapita hapa, na reli ya TAZARA inapita hapa. Kituo cha pamoja cha forodha kati ya Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 na kimerahisisha mambo, lakini bado dereva na utingo wake hulala kabatini mwa lori vioo vikiwa vimefungwa kwa baridi na kwa hofu ya wezi. Watu wawili, hewa ileile, usiku kucha. Gesti zetu na vibanda vya mama ntilie navyo hupokea watu wa nchi tano au sita kwa siku moja.

Vimelea vya kifua kikuu husafiri kwa hewa. Kishindo cha kikohozi nilichokieleza kinatoa matone madogo sana, mengine hayaonekani kwa macho, nayo huelea ndani ya chumba kisicho na upepo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtu mwenye kifua kikuu asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 wa karibu yake kwa mwaka. Kwa mwaka 2023 shirika hilo lilikadiria kuwa watu milioni 10.8 duniani waliugua ugonjwa huu na milioni 1.25 walifariki. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa.

Hata hivyo nchi yetu ina jambo la kujivunia. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na hapa Tanzania ndipo Dkt. Karel Styblo, akishirikiana na wataalamu wetu, alipoonyesha kuwa hata nchi maskini inaweza kuponya wagonjwa wengi: makohozi yapimwe, mgonjwa ameze dawa za muda mfupi akiangaliwa, kila mmoja aandikwe na kufuatiliwa hadi mwisho. Katika miaka ya 1990 utaratibu huo ulipendekezwa kwa dunia nzima. Kwa maneno mengine, wageni wetu wafadhili, njia ambayo ulimwengu uliifuata ilijaribiwa katika zahanati na hospitali kama hizi zetu.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi. Kikohozi kikifika wiki mbili, kipimwe. Anayeishi na virusi vya UKIMWI asisubiri wiki mbili, apimwe hata kama amekohoa siku moja. Dalili nyingine ni homa za jioni, jasho jingi usiku, kukonda na kukohoa damu. Kipimo na dawa ni bure. Matibabu ya kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili ya mwanzo, kisha mbili kwa miezi minne. Mgonjwa anayemeza dawa vizuri huacha haraka kuwa hatari kwa wenzake, na wengi huanza kujisikia vizuri mapema. Hapo ndipo penye mtego. Anayeacha dawa mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kimenyamaza anaweza kurudi na ugonjwa sugu usiosikia dawa za kawaida.

Kwa watu wa barabara mtego huo ni mkubwa zaidi. Dereva ameanza dawa Tunduma, wiki ijayo yuko Ndola, na ya pili yake yuko Dar es Salaam. Aambiwe tangu mwanzo aseme ukweli wa safari zake kituoni, apewe dawa za kutosha na barua ya kumtambulisha, na kadi yake ya matibabu ikae pamoja na leseni.

5. JINSI YA KUTOA MAKOHOZI YA KUPIMWA

Hapa kiwambo kinarudi kwenye mazungumzo yetu. Vipimo vya siku hizi ni vizuri, mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini mashine haiwezi kuona vimelea ambavyo havimo kwenye kikopo. Mtu anayetema mate ya mdomoni na kuyapeleka anaweza kuambiwa hana ugonjwa, naye anao.

Mfundisheni mgonjwa hivi. Asubuhi akiamka asukutue kinywa kwa maji. Aende nje penye upepo, mbali na watu. Avute pumzi ndefu hadi tumbo lisukumwe nje, aishikilie kidogo, aiachie. Arudie mara ya pili. Mara ya tatu avute pumzi ndefu kisha akohoe kwa nguvu za tumbo, si kwa koo. Kinachopanda akiteme kikoponi bila kuchafua ukingo, kifunikwe barabara. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Kiwe kizito, kisiwe maji ya mate.

Watoto wadogo hawajui kutema, wanameza makohozi yao. Ndiyo sababu kifua kikuu cha watoto hukosekana kwenye vipimo. Siku hizi kinyesi cha mtoto nacho kinaweza kupimwa kwa mashine ileile. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa mmoja, watoto wote wapelekwe, hata wasiokohoa.

Nigusie na panya buku, maana mmeniuliza. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni makao ya shirika la APOPO linalofundisha panya hao kunusa makohozi na kutambua harufu ya kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kisha zile alizozishuku huhakikishwa maabara. Kwa njia hiyo wamepatikana wagonjwa waliokuwa wamekosekana katika kipimo cha kwanza cha hadubini.

6. MTOTO ANAYEPUMUA HARAKA

Vihisio vya kikohozi havipo kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Homa ya mapafu ya mtoto mara nyingi hushika huko chini, hivyo mtoto anaweza kuwa mgonjwa sana na kukohoa kidogo tu. Akina mama, msisubiri kikohozi kikubwa. Hesabuni pumzi mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima, mkitazama tumbo linavyopanda.

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari.
Miezi 2 hadi 12: pumzi 50 au zaidi.
Mwaka 1 hadi 5: pumzi 40 au zaidi.

Tazameni pia sehemu ya chini ya mbavu. Kwa kawaida hutanuka mtoto akivuta hewa. Ikiwa inabonyea ndani, kiwambo kinavuta kwa nguvu mapafu yasiyotaka kufunguka. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana.

7. ZIZINI NA BANDANI

Ng'ombe anakohoa kwa utaratibu uleule wa hatua nne, akinyoosha shingo na kuinamisha kichwa. Tofauti ni kwamba hatemi, anameza. Kwa hiyo mfugaji haoni makohozi, anasikia sauti tu. Naomba tuisikilize.

Homa ya mapafu ya ng'ombe huenea kwa matone ya kikohozi, mnyama kwa mnyama, zizini, kwenye bwawa na mnadani. Tanzania iliutokomeza ugonjwa huu katika miaka ya 1960, ukarudi mwaka 1990 kupitia kaskazini, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha ukawa umefika Nyanda za Juu Kusini na kuwatia hofu majirani zetu wa Zambia na Malawi. Haukuletwa na upepo. Uliletwa na ng'ombe waliosafirishwa wakionekana wazima. Mnyama mgonjwa husimama viwiko vikiwa vimetanuliwa nje na shingo imenyooshwa, anaguna akitoa pumzi, anakohoa hasa akikimbizwa asubuhi.

Ndiyo maana tunapinga sindano ya kukata kikohozi. Ng'ombe aliyedungwa na mwenyewe homa inashuka, anakula, kikohozi kinapungua, anapelekwa mnadani. Ndani ya pafu lake kumebaki kipande kilichokufa kilichozungushiwa ukuta, na ndani yake vimelea viko hai. Miezi ikipita ukuta ukivunjika, zizi la mnunuzi linaanza kukohoa. Njia inayokubalika ni chanjo ya kila mwaka, kuzuia mifugo isitembee bila kibali, na kumwita bwana mifugo mapema. Mkaguzi wa nyama machinjioni ni rafiki mkubwa: akiona pafu gumu lenye mistari kama jiwe la marumaru na maji ya manjano kifuani, atoe taarifa hata kama mwenye ng'ombe anamsihi anyamaze.

Ugonjwa huo haumpati binadamu. Kifua kikuu cha ng'ombe ni habari nyingine, hicho kinampata kupitia maziwa mabichi. Mwaka 2001 watafiti wetu, akiwamo Profesa Rudovick Kazwala wa Chuo cha Sokoine, walichapisha kuwa wamekipata kwa Watanzania waliovimba tezi za shingo. Maziwa yachemshwe. Baraza la wazee na kikombe cha maziwa mabichi watuwie radhi.

Si kila ng'ombe anayepumua kwa shida ana ugonjwa wa mapafu. Tumbo lake kubwa linaegemea kiwambo. Likijaa gesi baada ya kula majani mabichi yenye umande, linasukuma kiwambo mbele, mapafu hayatanuki, na mnyama anaweza kufa kwa kukosa hewa ndani ya saa chache huku mapafu yake ni mazima. Ubavu wa kushoto ukivimba kama ngoma, mwite mtaalamu bila kuchelewa.

Na hapa mjini tuna balaa la waya. Matairi yanachomwa, waya zinabaki kwenye majani na majalala, ng'ombe anazimeza. Waya hutua kwenye tumbo la pili, lile lenye vijumba kama sega la nyuki, ambalo liko jirani kabisa na kiwambo, na mbele ya kiwambo ni moyo. Misuli ya tumbo ikikaza, waya inatoboa. Ng'ombe anapinda mgongo, anakataa kuteremka mteremko, anapumua kwa pumzi fupifupi akiogopa maumivu. Hakuna sindano ya kikohozi itakayotoa waya. Kukusanya waya kabla hazijamezwa ni kazi ya jumuiya nzima.

Kuku, ndugu zangu, hana kiwambo kama chetu. Mapafu yake yameshikamana na mbavu, na hewa huendeshwa na vifuko vya hewa wakati mfupa wa kidari unaposhuka na kupanda. Kwa hiyo kuku aliyebanwa kidari, iwe mkononi mwa mtoto au kwenye tenga lililoshonana la kwenda sokoni, hawezi kupumua hata kama kichwa chake kiko wazi. Wanaofunga kuku kumi kwa kamba moja na kuwalundika juu ya bodaboda wanapoteza mali bila kujua sababu. Akikoroma na kuachama mdomo, fikirini kideri, na kinga yake ni chanjo ya tone la jichoni, ile ya I-2, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

8. TUNACHOPENDEKEZA

Badala ya katoni za dawa, idara inaomba kamati zipitishe mambo haya matano.

Kwanza, kila jumuiya ichague watu wawili wanaoaminika, mwanamume na mwanamke, wafundishwe kuuliza swali moja: "Umekohoa siku ngapi?" Majina yasisomwe kanisani wala yasiandikwe kwenye ripoti za kamati. Watu wanaficha kikohozi kwa sababu wanaogopa midomo yetu kuliko wanavyoogopa ugonjwa.

Pili, nauli. Mtu wa bonde la Momba asiye na nauli hawezi kufika kwenye kipimo cha bure. Fedha zilipie usafiri wa mgonjwa, au wa kikopo chake, hadi kituo chenye mashine, zikiwamo hospitali za makanisa zinazotuhudumia.

Tatu, madirisha ya makanisa na madarasa ya katekisimu yafunguke. Yapo yaliyozibwa kwa matofali kwa kuogopa wezi. Hewa inayopita ni kinga isiyo na gharama ya kila mwezi. Tukohoe kwenye kiwiko, si kwenye kiganja tutakachompa mwenzetu wakati wa kutakiana amani.

Nne, kikundi cha parokia ya mjini kiwatembelee madereva, mautingo, wahudumu wa gesti na mama ntilie, jioni, mahali walipo. Wao hawaji kwenye semina.

Tano, kwa wafugaji, mchango wetu uelekezwe kwenye siku za chanjo kwa kushirikiana na maofisa mifugo wa kata, na si kwenye sindano za mikononi.

Kwa wafadhili wetu nasema hivi kwa heshima. Katoni 40 za chupa zinapendeza kwenye picha, na ripoti yake ni rahisi kuandika. Tunawaomba mtupime kwa hesabu ngumu zaidi: ni wangapi waliokohoa wiki mbili wakafika kwenye kipimo, na wangapi walioanza dawa wakamaliza miezi sita. Hesabu hiyo huenda ikawa ndogo mwaka wa kwanza. Lakini kila mmoja ndani yake ni mtu aliyepona na nyumba iliyokingwa.

Maandiko yanatufundisha kuwa pumzi tumepewa, hatukuinunua. Basi tuilinde, yetu na ya viumbe tuliokabidhiwa. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, mtu akikohoa muda mrefu huenda wapi kwanza, na kwa nini?
2. Kituo cha karibu chenye kipimo cha makohozi kiko wapi, na nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani?
3. Ni maneno gani tunayoyasema yanayowafanya wagonjwa wajifiche?
4. Ng'ombe wa kijiji chetu walichanjwa lini mara ya mwisho dhidi ya homa ya mapafu?
5. Nani atachukua jukumu la kukusanya waya na mabaki ya matairi, na lini tunaanza?